Mama Mkwe Kachemshiwa Meno

Mke wangu huchemsha. Maji ya kunywa anachemsha, maziwa ya pakiti ambayo kiwandani yalishachemshwa anayachemsha upya, vijiko vya wageni anachemsha, na kipindi kile cha kipindupindu alichemsha hata sarafu za chenji zilizotoka gengeni. Nimemwoa hivyo, sina shauri. Ukisimama muda mrefu jikoni kwetu bila kujitikisa, huna hakika kama hutaingia sufuriani.

Mama yake anatoka Maji ya Chai, wilaya ya Arumeru, chini ya Mlima Meru. Huja kwetu Dar es Salaam mahindi yakishaingia ghalani. Anashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa mgando na kifuko cha magadi, kwa sababu magadi ya mjini, asema yeye, hayaivishi kitu. Wajukuu wanamrukia, mke wangu anapokea mizigo, mimi nasimama kando natazama viatu vyangu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo humu?" Basi, tumemaliza mpaka jioni.

Si kwamba hatupendani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwamba mama mkwe hatazamwi. Marehemu baba akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anaingia hata kwenye mihogo ya watu mpaka bibi apite. Mimi sijafika huko, lakini mezani sikai naye, na usoni simkazii macho. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa nilijua tu, kwa kuibia ibia, kwamba mama mkwe ana meno ya kahawia yenye mistari myeupe iliyokatiza, sawa na ya mke wangu, sawa na ya mashemeji zangu, sawa na ya nusu ya watu waliokuja upande wao siku ya harusi. Kumbe ya juu yote, kutoka gego hadi gego, yalikuwa ya kuvaa na kuvua.

Mke wangu alilijua hilo, na dada zake walilijua. Sisi wengine tulilijua sote kwa pamoja, kwa kelele.

Mama mkwe alikuwa na utaratibu wake. Usiku meno yanalala majini, ndani ya kikombe cha plastiki chenye kifuniko, juu ya stuli karibu na mto. Lakini safari hii alipewa chumba kimoja na mwanetu wa pili, ambaye akilala anacheza mpira. Kwa tahadhari akakihamishia kikombe jikoni, kwenye rafu aliyoiona imetulia. Hakujua kuwa rafu ile ndiyo ya vyombo vya kitindamimba wetu: chupa za maziwa, vifuniko, chuchu za chupa, vyote ndani ya vikombe vyenye vifuniko, vikingoja moto wa alfajiri.

Alfajiri umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu akawasha gesi, na kwa mwanga wa ule moto wa buluu akapakua rafu nzima, kikombe baada ya kikombe, ndani ya sufuria kubwa ya pilau. Akafunika, akaenda kuoga.

Aliyefunua ni dada wa kazi. Maji yalikuwa yanatokota barabara. Chupa zinapanda na kushuka, chuchu zinazunguka, na katikati yao likaibuka kaakaa la waridi lenye meno kamili, likajigeuza kifudifudi, likagonga ukingo wa sufuria, kwa, kwa, kwa, likazama, likaibuka upande wa pili limetazama juu. Dada hakupiga kelele papo hapo. Alirudisha kifuniko polepole, akachukua mchi wa kinu akaulaza juu yake, ndipo akapiga kelele.

"Baba, kuna mtu humu!"

Nikatoa mchi, nikafunua. Niliyatambua kwa rangi. Mkwe ambaye hajapata kumtazama mama mkwe mdomoni, sasa nimeubeba mdomo wenyewe kwenye upawa, unatoa mvuke. Mke wangu akaja mbio na povu la sabuni masikioni. Akatazama upawa, akatazama rafu, akaketi juu ya ndoo.

Kwa mama mkwe palikuwa kimya. Chai ikaiva, hakutoka. Mwanetu wa pili akatumwa kumwita, akarudi na ujumbe wa bibi kwamba hana njaa, na tena anauliza basi la Arusha linaondoka saa ngapi. Mke wangu akayasuuza yale meno, akayafunga kwenye leso safi, akaingia nayo. Sebuleni tukasikia minong'ono. Kisha mama mkwe akasema kitu, na kabla hajamaliza tukasikia mlio mdogo, kama kitu kimeangukia sahani. Kilikuwa kimeangukia sahani.

Hapo inafaa nieleze, maana watu wengi hudhani meno ya juu ya kuvaa yamegandishwa kwa gundi. Hayana gundi wala msumari. Kinachoyashika ni utando mwembamba wa mate kati ya bati, yaani lile kaakaa la waridi linalobeba meno, na kaakaa la mvaaji, pamoja na ukingo uliokaa vyema kwenye ufizi pande zote, hewa isipenye. Bati likipinda kidogo tu, hewa inaingia, na meno yanashuka kwenye neno la kwanza lenye nguvu. Na bati lenyewe ni akriliki, jamaa ya ile plastiki ngumu inayowekwa mahali pa kioo. Inaanza kulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, yaani pale pale maji yanapochemka. La kuchekesha ni kwamba meno haya huzaliwa ndani ya maji ya moto. Fundi huishindilia akriliki mbichi kwenye plasta ndani ya kopo la shaba, akalikaza kwa skrubu, akalizamisha majini lipikwe kwa saa kadhaa. Lakini mle imebanwa kila upande, haina pa kukimbilia. Ukija kuichemsha baadaye ikiwa huru, mikazo yote iliyofungiwa siku ile inafunguka, na kila upande unavuta kwake.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye kliniki. Siku ile mjuzi wetu alikuwa shemeji yangu wa Mbagala, fundi wa friji, aliyefika kabla ya saa nne bila kualikwa. Shemeji ana kanuni moja ya ufundi: kilichoharibiwa na moto hutengenezwa kwa moto. "Plastiki ni plastiki," akasema, akaomba jiko. Mke wangu akamkataza. Akangoja mke wangu ameingia chumbani kwa mama, akayapitisha juu ya mwali, akayabana kwa kitambaa kwenye tako la kijiko cha mbao, ambalo kwa makadirio yake lilikuwa na mzunguko sawa na kaakaa la mama yake mzazi. Tukasikia tak. Ufa ukapita katikati kabisa, baina ya meno mawili ya mbele, mpaka nyuma. Shemeji akatoa mfukoni gundi ile ya haraka ya kuunganishia soli za viatu. Nashukuru mke wangu alitoka chumbani wakati huo. Gundi ile si kitu cha kutia kinywani mwa mtu, na vipande vilivyogandishwa ovyo humsumbua daktari kuliko vilivyoachwa vilivyo. Shemeji akaondoka amenuna, lakini chapati alikula.

Jumatatu ikawa lazima mtu ampeleke mama kliniki. Mke wangu ni mwalimu, alikuwa anasimamia mitihani, haombi ruhusa hata nyumba ikiwaka. Shemeji alikuwa amejitoa. Nikabaki mimi.

Tulipanda bajaji. Mama mkwe akakaa nyuma, khanga imemfunika mdomo hadi puani. Mimi nikajibana mbele na dereva nusu ya paja likiwa nje. Dereva akaniuliza mbona sikai nyuma kuna nafasi. Nikamwambia kule kuna mkwe. Akaitikia kwa kichwa, akaendesha polepole mno, kwa heshima.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye haraka. Alidhani mimi ni mwanawe wa kumzaa. "Kaka, mshikie mama beseni hapo kidevuni, atatoka mate mengi." Nikatazama dari. "Kaka, utamwaga." Nikatazama beseni. Mama mkwe akafumba macho, nami nikaona afadhali, angalau mmoja wetu haoni.

Kipimo cha ufizi huchukuliwa kwa unga wa alginati. Unakorogwa na maji upesi upesi, unatiwa kwenye chano cha chuma chenye umbo la taya, unakandamizwa kinywani mpaka ugande. Daktari aliniambia unga huo unatokana na mwani. Mimi mtu wa pwani nikajiona nimefika kwetu, nikataja mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani. Akanirudisha: wa Zanzibar ni mwani mwekundu, unatoa karajini inayotiwa kwenye vyakula, wa meno ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Sawa. Lakini nilichopenda zaidi ni alichosema baada ya kupapasa ufizi wa mama. Alisema meno yakishang'olewa mfupa wa taya unaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo meno ya kuvaa yanayokaa vizuri leo yatalegea tu, na haya ya mama, hata yasingechemshwa, muda wake ulikuwa umekwisha siku nyingi. Nilimpigia mke wangu wakati wa mapumziko ya mtihani, nikaweka simu sauti ya juu, nikamwomba daktari arudie. Mke wangu akataka arudie tena. Mama mkwe, kinywa kikiwa wazi, hakuweza kuchangia.

Zikafuata siku za kungoja. Mama alikula uji, mtori na ndizi za kuponda, na alizungumza kwa kuchagua maneno. Bila meno ya juu, herufi F na V hazina pa kuegemea, kwa hiyo "fagio" likatoka "pagio" na "vitunguu" vikawa "bitunguu". Kitindamimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, akavidaka hivyo hivyo na hadi leo anakwenda navyo. Mama akipita sebuleni nikiwa pale, anavuta khanga. Nami namsalimia pazia la dirisha. Wahenga wana lao kuhusu jambo hili, kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na mama mkwe alilisema mwenyewe usiku mmoja, kwa uchungu, akiwa na bakuli la mtori. Binti yetu mkubwa akaamua kumfariji kwa simu yake.

"Bibi, hata Rais wa kwanza wa Marekani alikuwa kibogoyo. George Washington. Mwaka 1789 anaapishwa alikuwa amebakiwa na jino moja tu."

"Na yeye walimchemshia?"

Hapana, meno yake ya kuvaa yalichongwa kwa pembe ya kiboko, yakapachikwa na meno ya watu, yakashikiliwa na springi. Hadithi ya kwamba yalikuwa ya mti ni uzushi. Pembe ya kiboko wakati huo ilipendwa kuliko ya ndovu kwa kazi hiyo kwa sababu ni ngumu na haigeuki manjano upesi, na katika karne ya 19 meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa majahazini na melini pale Zanzibar. Binti akaendelea kusoma. Baada ya pembe ukaja mpira mgumu, wa bei nafuu, ila kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ikawa inamdai ada ya leseni kila daktari wa meno wa Marekani anayeutumia, na inawashitaki wasiolipa. Mwaka 1879 huko San Francisco, mweka hazina wa kampuni hiyo, Josiah Bacon, alipigwa risasi akafa, na aliyempiga ni daktari wa meno, Samuel Chalfant, aliyekuwa amechoka kuandamwa. Akriliki ilichukua nafasi ya mpira kuanzia miaka ya 1930. Mama mkwe alisikiliza yote, akamaliza mtori, akasema kumbe meno yameanza kuleta kesi zamani.

Kesi yenyewe ikaja siku ya kuchagua rangi.

Ilikuwa Jumamosi, mke wangu yupo. Daktari akaleta mshipi wa meno ya mfano, 16 kwa idadi, yamepangwa kwa herufi kuanzia A hadi D: yanayoelekea wekundu, yanayoelekea manjano, yanayoelekea kijivu. Mke wangu hakusubiri. Akaweka kidole kwenye jeupe kupita yote.

"Hayo ya nani?" mama mkwe akauliza.

"Yako, mama."

"Yangu hayakuwa hivyo."

"Ndiyo maana tunatengeneza mapya."

Mama akalitazama lile jino jeupe kwa muda, akarudisha mshipi kwa daktari kwa mikono miwili. Akasema, kwa yale maneno yake ya kuchagua, kwamba meno yake ya chini bado yapo, ni yake, na ni ya kahawia. Akiwekewa meupe juu, atakuwa na watu wawili mdomoni. Pili, Jumapili akisimama kuimba kanisani Maji ya Chai, watauliza mzee huyu mgeni ametoka wapi.

Mke wangu akasema meno ya chini nayo yanaweza kufunikwa. Mama akasema hataki kufunikwa. Sauti zikaanza kupanda, nami nikaanza kusoma bango la namna ya kupiga mswaki.

Lazima niseme jambo kuhusu mke wangu. Hacheki bila kuinua kiganja. Picha zote za harusi yetu amefumba midomo, na wapo ndugu zangu wanaoamini mpaka leo kwamba aliozwa kwa nguvu. Alipotoka kwao kwenda chuo cha ualimu, wenzake bwenini walimnunulia mswaki na dawa ya meno, wakamkabidhi mbele ya watu, wakijiona wamemsitiri. Akapiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Rangi haikutoka, kwa sababu haiko juu ya jino, imo ndani yake. Kwa muda mrefu alikuwa anaweka pesa kwenye kikoba ili meno ya mbele yafunikwe yawe meupe. Kwa hiyo kidole kile hakikuwa kinamchagulia mama peke yake.

"Mama," akasema, "ni yale maji. Ni yale maji yaliyotuharibu sote."

"Niliyachemsha," mama mkwe akasema.

Daktari akaweka mshipi mezani.

"Bwana afya alituambia tuchemshe," mama akaendelea. "Kila siku nilichemsha. Kuni nilikwenda kuzitafuta mwenyewe. Hakuna mwanangu aliyekunywa maji mabichi."

Ilibidi daktari aeleze, na aliongea taratibu kuliko siku zote. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyabeba. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5, mito na visima vingi vya Arumeru vinapita kiwango hicho mara kadhaa, na Maziwa ya Momella yaliyo hapo juu yana mamia ya miligramu. Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi, wakati jino la mtoto bado linajengwa ndani ya taya, enameli inajengeka vibaya, na jino likichomoza linakuja na mistari, baadaye linashika ukahawia. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, hata mifupa inapinda. Mtu mzima akihamia kule haimbadilishi meno, kwa sababu yake yalikwisha jengwa. Na kuchemsha kunaua vijidudu, ndiyo, bwana afya hakudanganya. Lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo kila lita inayobaki inakuwa nayo zaidi. Magadi nayo, yale ya kulainishia maharage, mara nyingi huwa nayo kwa wingi.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake. "Basi haya mambo ya kuchemsha tumerithishana bure."

Mke wangu akacheka. Kiganja kilichelewa kuinuka.

Yakabaki ya ufundi. Meno ya dukani ya rangi ile hayapo. Anayetaka hivyo lazima fundi sanifu wa meno ayapake rangi kwa mkono, mstari kwa mstari, kabla ya kumaliza. Yale ya kwanza alikuwa ameyafanya fundi mmoja mtaalamu huko Arusha, naye alikwisha fariki. Huyu wa sasa akaitwa kutoka chumba cha nyuma, aproni imejaa plasta, akatazama meno machache ya chini ya mama yaliyobaki, akatikisa kichwa: yamechakaa mno, hayatoshi kuwa mfano. Anahitaji kuona meno ya juu halisi ya mtu wa kule.

Wakanitazama mimi, wa Tanga. Kisha daktari akamtazama mke wangu.

"Mwalimu, hebu kaa hapo."

Alikaa. Nilidhani atakataa. Fundi akasogeza taa, akamwomba anyanyue mdomo wa juu, akapiga picha ya mbele, ya kulia, ya kushoto, akatoa penseli na karatasi akawa anachora kila jino: hili lina wingu jeupe nchani, hili lina mkanda wa kahawia katikati, chonge hii imekolea kuliko ile. Alikuwa anasema peke yake kwa sauti, kama fundi yeyote anayependa kazi. "Hii nzuri. Hii ngumu, lakini nzuri." Mama mkwe alisimama pembeni kumsimamia, na jino la pili upande wa kushoto alimsahihisha: la kwake mwenyewe, usichanani, lilikuwa limekolea zaidi. Mke wangu hakuweza kusema lolote maana vidole vya watu vilikuwa mdomoni mwake.

Meno yalijaribiwa kwanza yakiwa kwenye nta, yakarudi, yakapikwa ndani ya lile kopo la shaba, yakang'arishwa. Siku alipokabidhiwa, mama mkwe aliyavaa akageukia ukutani, akasema "fagio", akasema "vitunguu", akasema Sala ya Bwana yote mpaka amina. Hayakushuka. Kwa siku kadhaa S yake ilikuwa na mluzi kidogo na mate yakamjaa, mambo ambayo daktari alimwonya yatatokea na yataisha. Yakaisha. Nyumbani shemeji wa Mbagala aliyakagua kwa mbali, akasema yeye angeyafanya kwa nusu ya bei.

Bei ndiyo iliyomaliza kikoba. Rangi ya mkono ina gharama yake, na bima ya mama haikugusa meno ya kuvaa. Mke wangu alizitoa zile za kufunikia meno yake mwenyewe, zote, bila kunishauri, nami nilizisikia kwa mweka hazina wa kikoba. Hajasema kama ataanza upya kuweka. Mama alirudi Maji ya Chai, Jumapili akaimba, na taarifa iliyotufikia ni kwamba hakuna aliyegundua chochote. Alifurahi sana. Mimi na yeye tumerudi kwenye shikamoo na marahaba, ila sasa anaongeza, "Na beseni je, lipo?"

Kule kwake ameweka mfereji wa bati na tangi la kuvunia mvua, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na wajukuu wakienda likizo hunywa hayo. Wapo pia wanaochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa joto maalumu, njia ambayo kituo cha Ngurdoto, huko huko Arumeru, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka minane na unaishi Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida au popote kwenye ukanda ule, chukua chupa safi, jaza maji ya kisima chako, yapeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji yapimwe floraidi wakati meno ya kudumu bado yanajengwa. Usiyachemshe ukadhani umemaliza. Na mama akija kukutembelea na meno ya kuvaa, yaoshwe kwa maji ya baridi, mswaki laini na sabuni ya kawaida, usiku yalale majini, na kila aliyemo ndani ya nyumba aambiwe kikombe kiko wapi.